Donda Lisilopona: Adui Aliyejificha Katika Kovu

Ukipita katika tambarare ya Ruzizi, tangu Kamanyola hata Uvira, hukosi kumwona mtu mwenye kovu kubwa mguuni. Huyu alianguka motoni alipokuwa mtoto. Yule aliugua donda ndugu. Mwingine alijikata kwa jembe. Kovu likikaa kimya, hakuna neno. Lakini pengine baada ya miaka 20 au 30 hupasuka, likawa donda jipya. Mwenyewe hulifunga kitambaa, akaenda zake shambani. "Ni donda langu la zamani," husema. Hapo ndipo hatari inapoanzia.

Mwaka 1828 mpasuaji wa Ufaransa, Jean-Nicolas Marjolin, aliandika habari za vidonda vinavyoota juu ya makovu. Hata leo donda la kovu lililogeuka kuwa kansa huitwa kwa jina lake. Kansa hiyo mara nyingi ni ile ya chembe bapa, zile zinazofunika ngozi zikipangana kama magamba ya samaki. Chembe hizo, zikisumbuliwa miaka mingi na donda linalofunga na kufunguka, zaweza kupotoka na kuongezeka bila kipimo.

Mbona haitambulikani upesi? Kwa watu wenye ngozi nyeupe kansa hii hushika zaidi mahali panapopigwa na jua: uso, masikio, mdomo, mikono. Ndivyo ilivyo pia kwa ndugu zetu wenye ualbino, nao huweza kupatwa wangali vijana. Kwa hiyo wavae kofia pana na mikono mirefu tangu utoto. Lakini katika ngozi nyeusi mara nyingi hujificha ndani ya kovu au donda sugu, mahali ambapo hakuna aitazamiaye.

Jicho nalo lina hila yake. Kinyama cheupe au chekundu huota pale weupe wa jicho unapokutana na weusi, kikafanana na kile kinyama cha kawaida kisicho na hatari. Katika Afrika yetu kansa hiyo ya jicho inahusiana na jua kali na virusi vya UKIMWI; basi mgonjwa yafaa apimwe damu pia.

Dalili za kuangalia

Donda ambalo halikupona kwa miezi 3, ijapokuwa linasafishwa vema, ukingo ulioinuka na kuwa mgumu, nyama inayoota kama koliflawa, harufu mbaya, damu inayotoka kwa kuguswa tu, mtoki mgumu kinenani. Usingoje maumivu, kwa maana kansa huweza kukua muda mrefu bila kuuma sana.

Basi, tutajuaje hakika? Macho ya tabibu hayatoshi. Dawa za kupaka na sindano huficha jambo tu na kupoteza miezi. Njia ya hakika ni moja: daktari hutia ganzi, akakata vipande vidogo, hasa ukingoni mwa donda, vikatazamwa kwa hadubini. Kipande kimoja chaweza kukosea. Kwa hiyo huchukua kadhaa. Nanyi mnaoogopa gharama ya safari, ulizeni kwanza: vipande vikitiwa katika dawa ya formalini vyaweza kusafiri mpaka maabara ya mji, mgonjwa akabaki nyumbani.

Wengine husema, "Ukikatwa kansa, itaenea." Neno hilo limewaua wengi. Kinachoeneza kansa ni kuchelewa. Ikijulikana mapema, mpasuaji huondoa sehemu mbaya pamoja na nyama kidogo nzima ya kandokando, kisha hubandika ngozi kutoka pajani. Ikichelewa na kuingia mfupani, pengine mguu wote hukatwa. Ikifika mbali zaidi, maisha yenyewe hupotea.

Kinga pia iko. Mtoto aliyeungua sana apelekwe hospitali mara moja, si kupakwa majivu. Kidonda kikubwa cha moto kikibandikwa ngozi mapema, hakibaki wazi miaka na miaka.

Enyi wazazi, na ninyi wanafunzi mnaowasafishia babu na bibi vidonda vyao, tazameni leo jioni penye mwanga. Si kila kovu ni kansa. Mengi sana si kansa. Lakini mficha maradhi, kifo humuumbua.