STAA KANYIMWA PICHA, KAAMUA KUUA!

Msomaji wangu, hebu jifanye wewe ni staa wa sinema. Zamani ulicheza picha moja ya kutisha, watu wakaogopa hata kutoka nje usiku. Miaka inapita. Siku moja unasikia picha ile ile inachezwa upya, ila nafasi yako kapewa mwingine. Wewe umeitwa uwe mshauri. Mshauri! Si bora wangekuambia ukachote maji?

Hilo ndilo lililomkuta Basil Karlo, jambazi la kwenye kitabu cha katuni cha Marekani, Detective Comics namba 40, cha Juni 1940. Waliomtunga ni Bill Finger na Bob Kane, wale wale waliotuletea Batman mwaka 1939. Jina lenyewe wamelichomoa kwa Boris Karloff na Basil Rathbone, waliocheza pamoja Son of Frankenstein mwaka huo huo.

Basi Karlo akachanganyikiwa. Akavaa sura ya Clayface, jambazi aliyewahi kulicheza kwenye picha nyingine, akaingia kazini. Usiombe! Aliwamaliza wenzake mmoja mmoja, kwa zamu ile ile na kwa namna ile ile wanavyokufa kwenye picha. Yaani ukishasoma mchezo, umeshajua zamu yako. Wa mwisho alimpanga yule aliyemchukulia nafasi.

Na kwenye picha hiyo yumo kimwana Julie Madison, mchumba wa Bruce Wayne. Bruce ndiye Batman, ila binti hana habari. Hapo Batman akatia timu na Robin, dogo ambaye hilo lilikuwa toleo lake la tatu tu la Detective Comics, Karlo akanaswa.

Mwaka 1961 alikuja Clayface mwingine, Matt Hagen, anayejigeuza kitu chochote. Wengi wanamzimia huyo. Mimi namtaka wa kwanza. Yule hakuwa na uchawi wowote, alikuwa na kinyago na roho inayomuuma. Jamaa yangu mmoja alinyang'anywa nafasi ya bwana harusi kwenye mchezo wa shule, na mpaka leo ukimtajia aliyeichukua, anaacha kula. Sasa mpe huyo kinyago uone.

Julie naye? Machi 1941, kwenye namba 49, uchumba kauvunja. Kachoka na Bruce anayejifanya mtu wa starehe tu, asiye na kazi. Sasa anaitwa Portia Storme, staa kamili. Na toleo hilo hilo, Karlo karudi.