Kukoroma na Macho: Tusilifanyie Mzaha



Hapa Matonge, Brussels, kama kule nyumbani, anayekoroma huchekwa tu: "Kalala fofofo huyo!" Kumbe baadhi yao hawalali hasa. Wana apnea ya usingizi: koo linaziba, pumzi inakatika kwa sekunde 10 au zaidi, kisha mtu anashtuka, anavuta hewa kwa kishindo na kuzama tena usingizini. Asubuhi hana habari. Ikitokea mara 30 au zaidi kwa saa, ugonjwa huhesabiwa kuwa mkali.

Sasa macho yanaingiaje hapo? Retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, hutumia oksijeni nyingi sana, na mishipa yake ya damu ni membamba mno. Kila pumzi ikikatika, oksijeni inashuka na presha inapanda. Retina ikikosa oksijeni hutoa kemikali iitwayo VEGF, inayofanya mishipa ivuje na hata kuotesha mipya iliyo dhaifu. Kwa mwenye kisukari, ambaye mishipa imeshaanza kuharibika, huku ni kutonesha kidonda.

Utafiti wa Birmingham, Uingereza, uliochapishwa 2017, uliwafuatilia wenye kisukari aina ya pili. Wale wenye apnea, retina zao zilizidi kuharibika. Lakini tusidanganyane. Unene na presha navyo vimo, na si rahisi kuvitenganisha. Tena jaribio jingine la Uingereza, la 2018, halikuona kwamba mashine ya CPAP, ile inayosukuma hewa kooni usiku, inaboresha uwezo wa kuona kwa waliokwisha kuvimba kitovu cha retina. Kwa hiyo mashine inasaidia usingizi na presha, ila haichukui nafasi ya matibabu ya macho.

Ninachosisitiza ni hiki: daktari wa macho haoni unavyolala, na wa usingizi haoni retina yako. Anayejua ni mwenzako wa kitandani. Muulize: je, pumzi yangu hukatika? Akisema ndiyo, na una kisukari au presha, waambie madaktari wote wawili. Kipimo hufanyika usiku mmoja tu, na hapa Ubelgiji bima ya afya husaidia kulipia mashine kwa wanaotimiza masharti.

Na jicho likififia ghafla, usingoje kesho. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.