Mama, macho ya kichanga ni njano? Usingoje arobaini!

Wiki hii nina neno na akina mama. Na nyie akina baba, msikimbie!

Mtoto kazaliwa Kinole, kule milimani Uluguru. Vigelegele! Bibi anafungua sanduku, anatoa shuka alizotunza tangu mjukuu wa kwanza. Zinanuka zile goroli nyeupe za naftalini za kufukuzia mende. Siku ya pili macho ya kichanga yanageuka njano. "Mtoeni juani asubuhi," wanasema wazee. Yameisha.

Hayajaisha!

Ni kweli, vichanga wengi hupata manjano kidogo na ikaondoka yenyewe. Ila wapo wanaozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, ambacho hulinda chembe nyekundu za damu. Kikipungua, chembe hupasuka ovyo zikikutana na naftalini au dawa fulani. Manjano inapanda haraka, na ikiingia kwenye ubongo mtoto anaweza kuwa kiziwi, kulemaa au kufa.

Msiseme ni mambo ya Wazungu. Mwaka 1960 mtafiti Anthony Allison aliandika juu ya upungufu huu kwa watu wa Afrika Mashariki, akauhusisha na malaria. Palipo na malaria nyingi ndipo ulipoenea.

Waluguru huhesabu ukoo kwa mama. Hali hii nayo mara nyingi hupita hivyo hivyo: mama huibeba bila kuumwa, mtoto wa kiume ndiye huathirika zaidi. Basi asilaumiwe mama, wala jirani asiambiwe karoga.

Na jua je? Mwanga unasaidia kweli. Huko Rochford, Uingereza, muuguzi Ward aliona vichanga wanaoota jua wakipungua njano, na mwaka 1958 madaktari wakatangaza tiba ya taa. Lakini jua la mlangoni haliwezi kazi ya taa za bluu za hospitali.

Kwa hiyo, goroli zisisogelee nguo za kichanga. Mtazame mchana penye mwanga: bonyeza paji la uso, uachie, uone rangi. Ukiona njano siku ya kwanza, au viganja na nyayo zimekuwa njano, au analala mno na kukataa ziwa, nenda hospitali saa hiyo hiyo. Waambie pia kama ukoo wenu una watoto waliopata manjano kali. Barabara ya mlimani wakati wa masika mnaijua, msingoje jioni.

Arobaini itafika tu, mradi mtoto yupo. Tukutane wiki ijayo!