Chokaa Nayo Ipimwe

Udongo wa ekari moja, ukihesabu zile sentimita 20 za juu tu ambazo jembe hugusa, una uzito wa takriban tani 1,000. Maabara itapima fosforasi ya shamba hilo lote kwa gramu chache. Kwa hiyo kabla hatujafika kwenye kemikali na mashine, kosa kubwa kuliko yote huenda limeshafanyika shambani, na mwenye kulifanya ni yule aliyechota udongo mahali pamoja karibu na njia kwa sababu jua lilikuwa kali.

Sampuli ya kuaminika huchotwa mahali 15 hadi 20, ukikata shamba upande huu na upande ule, huku ukikwepa vichuguu, boma la zamani la ng'ombe na pale mifuko ya mbolea ilipowekwa msimu uliopita. Unaondoa majani ya juu, unachimba shimo, kisha unakata kipande chembamba ubavuni mwake kutoka juu hadi chini. Kipande hicho kiingie kwenye ndoo ya plastiki. Ndoo ya mabati imepakwa zinki, na zinki hiyo itajitokeza kwenye majibu kana kwamba ni mali ya shamba. Ukishachanganya vyote, nusu kilo inatosha, ianike kivulini. Na kama mteremko una udongo mwekundu juu na mweusi bondeni, hayo ni mashamba mawili, peleka sampuli mbili.

Kwa mkulima wa mahindi magharibi mwa Kenya, tuseme Kakamega au Trans Nzoia, tarakimu ya kwanza kutazama kwenye majibu ni pH, kipimo cha asidi. Inadanganya macho: udongo wa pH 5 una asidi mara 10 kuliko wa pH 6. Ikishuka chini ya 5.5, alumini iliyokuwa imetulia ndani ya madini ya udongo huanza kuyeyuka na kudhuru ncha za mizizi, ikabaki mifupi, minene, isiyofika kwenye maji. Alumini hiyo, ikisaidiana na chuma, huishika fosforasi isiachie. Ndiyo maana mtu hutia mbolea ya DAP kila msimu na bado mahindi machanga yanapiga rangi ya zambarau kingoni mwa majani.

DAP yenyewe huchangia tatizo. Naitrojeni yake iko katika hali ya amoniamu, na bakteria wa udongo wanapoigeuza kuwa nitrati, asidi huzalishwa. Yurea nayo hufanya hivyo. CAN ina nafuu kwa kuwa huchanganywa na mawe ya chokaa yaliyosagwa. Lakini mvua nyingi na mavuno yanayoondoka na kalsiamu vingeuchachusha udongo hata bila mfuko wowote kufunguliwa.

Dawa inajulikana, nayo ni chokaa, na mawe yake hayako mbali. Huchimbwa na kusagwa Koru, katika Kaunti ya Kisumu. Shida ni kwamba wengi huinunua chokaa kwa gunia kama wanunuavyo mkaa, bila kuuliza nguvu yake. Nguvu hiyo hupimika. Fundi wa maabara huchukua gramu moja ya chokaa, akaichemsha katika asidi aliyoipima kwa uangalifu, kisha akaitafuta asidi iliyobaki kwa kudondosha alkali tone baada ya tone mpaka maji yageuke waridi. Asidi iliyotoweka ndiyo iliyomezwa na chokaa. Kalsiti safi, yaani kalsiamu kaboneti, imepewa alama 100. Dolomiti safi hufika karibu 109 na huongeza magnesi shambani. Chokaa iliyochomwa, ikiwa safi, hupita 170, ila huunguza ngozi na macho. Jasi haimo kabisa kwenye hesabu hii: ina kalsiamu tele, lakini haipunguzi asidi, na muuzaji anayekwambia "kalsiamu ni kalsiamu" anakuibia.

Halafu kuna usagaji. Unga unaopita kwenye chekecheke ya matundu ya robo milimita hufanya kazi ndani ya msimu au mwaka. Chembe kubwa kuliko milimita 2 hukaa miaka zikitazamana na udongo. Chukua shamba linalohitaji tani 2 za chokaa safi. Kama uliyoletewa ina nguvu ya asilimia 80, na nusu yake tu ndiyo laini, kinachofanya kazi sasa ni asilimia 40, yaani ungehitaji tani 5. Bei ya gunia peke yake haisemi lolote.

Mfuko wa mbolea angalau huandikwa. DAP ya 18-46-0, kilo 50, ina naitrojeni kilo 9. Ile 46 ni fosforasi ikihesabiwa pamoja na oksijeni, desturi ya zamani ya wanakemia. Fosforasi yenyewe ni kama kilo 10. Maandishi hayo nayo yanahitaji maabara ya kuyathibitisha, kama Kenya ilivyojifunza mwaka 2024 mbolea bandia ilipopenya kwenye mpango wa ruzuku.

Aliye mbali na maabara anaweza kudondoshea chokaa matone ya siki. Kalsiti itatoa povu papo hapo. Dolomiti itachechemka polepole mno, na wengine huitupa wakidhani ni feki. Povu hilo huonyesha kwamba kaboneti imo, lakini kiasi chake halikisemi. Chokaa ikishapatikana, ichanganywe na udongo wiki kadhaa kabla ya kupanda, wala isimwagwe pamoja na yurea, maana naitrojeni itapaa hewani ikiwa gesi ya amonia, na pua yako ndiyo itakayokuwa ya kwanza kujua.