Kipimo cha upana wa macho: mara ya kwanza si hukumu

Wafanyakazi wenzetu, na ninyi mama wa nyumbani,

Kusoma namba ndogo kwenye ubao wa lopitali ni jambo moja. Kuona kamiyo inayotoka kando wakati unatazama mbele ni jambo lingine. Shofere, na mtu anayetembea chini ya shimo, wanahitaji pande za jicho sawa na katikati yake. Jicho zima likitazama mbele linaona karibu digri 90 upande wa sikio, na 60 hivi upande wa pua.

Glokoma ni ugonjwa unaokula upana huo polepole. Kwa watu wengi hauumi, na namba za ubaoni zinasomwa vizuri mpaka ugonjwa umekwenda mbali. Sisi watu weusi unatushika mara nyingi zaidi kuliko wazungu, na mapema zaidi. Kilichopotea hakirudi, dawa inalinda kilichobaki tu. Ndiyo maana monganga anatuma watu kwenye kipimo cha upana.

NAMNA KINAVYOFANYIKA

Jicho moja linafunikwa. Unaweka kidevu mahali pake mbele ya bakuli kubwa jeupe, unakaza jicho kwenye alama ya katikati. Taa ndogo zinawaka hapa na pale. Ukiona moja, unafinya buto. Mashini inatafuta kusudi mwanga hafifu kabisa unaoweza kuuona. Kwa hiyo hata mwenye macho mazima anakosa karibu nusu ya taa. Usihangaike.

MASHINI INAKUCHUNGA

Kila jicho lina doa lisiloona, pale mshipa wake unapotokea. Mfaransa Edme Mariotte alilionyesha katika miaka ya 1660. Liko digri 15 hivi kutoka katikati, upande wa sikio. Mashini nyingi zinawasha taa hapo: ukifinya, zinajua kwamba jicho lako limehama. Tena zinaangalia kama unafinya wakati hakuna taa. Na mahali ulipokwisha kuona taa hafifu, zinawasha yenye nguvu: usipofinya, labda umechoka au unasinzia.

Makosa haya yakizidi, karatasi haiaminiki. Basi, ndugu shofere, usifinye ovyo ukidhani unaokoa kazi yako. Karatasi itatupwa, au itakupa uzima usiokuwa nao, na hatari itabaki barabarani pamoja nawe na wenzako.

JUU YA NINI TUNARUDIA?

Kipimo hiki kinajifunzwa, kama vile usukani unavyojifunzwa. Mara ya kwanza watu wengi wanaonekana wagonjwa kuliko walivyo, zaidi sana pembeni mwa upana. Mara ya pili na ya tatu wanafanya vizuri zaidi. Macho hayakupona: ni akili na mkono vilivyozoea.

Huko Marekani waganga walifuata watu wenye presha kubwa ndani ya jicho. Mwaka 2000 walitangaza hesabu yao: katika karatasi 703 zilizoaminika na zilizoonyesha kasoro, 604 hazikuthibitishwa watu walipopimwa tena. Ni karibu 86 kwa kila 100.

Tushike mambo mawili. La kwanza: ukiambiwa kuna kasoro siku ya kwanza, usikate tamaa, wala usikimbie. Karatasi moja peke yake haitoshi kumtoa mtu kwenye usukani kwa siku zote; haitoshi pia kumwambia kwamba ni mzima. La pili: karatasi ya pili ikiwa nzuri kuliko ya kwanza, usiseme umepona na kuacha dawa. Monganga anachukua zile za baada ya mazoea kuwa msingi, na za miaka inayokuja atazilinganisha na hizo. Anaangalia pia presha ya jicho na mshipa wake. Kasoro ikirudi mahali pale pale, hapo ugonjwa unasema kweli. Tia dawa ya matone kila siku, hata kama huoni maumivu.

SIKU YA KIPIMO

– Usije moja kwa moja kutoka zamu ya usiku. Lala kwanza.
– Leta miwani yako na dawa unazotumia.
– Hukuelewa maelezo? Uliza kabla ya kuanza. Si haya.
– Kaza jicho katikati; usiwinde taa. Kupepesa kunaruhusiwa.
– Ukichoka, sema. Tutasimamisha kidogo.
– Ukiitwa mara ya pili au ya tatu, njoo. Hatukushuku, tunatafuta ukweli.

Nanyi mama, mkiona baba anagonga milango au kukanyaga vitu vilivyo kando, msimcheke: mtumeni apimwe. Na kama mzazi, kaka au dada ana glokoma, jamaa wote wa damu wapimwe macho. Ugonjwa huu unapita katika ukoo.

Mkono uliovunjika unaungwa. Upana wa jicho uliopotea hauungwi. Tuulinde ungali upo.