Ulikuwa Wafanya Nini Huko Saa Hiyo?

Umekatwa panga Bakarani saa mbili usiku, simu imekwenda, mkono wavuja damu. Swali la kwanza utakaloulizwa, na mwenye nyumba wako au dereva wa tuktuk anayekukimbiza hospitali, si "nani kakukata?" Ni hili: "Na ulikuwa wafanya nini huko saa hiyo?"

Swali hilo lina wazee wake. Mwaka 1948 Mjerumani Hans von Hentig aliandika kuhusu aina za watu wanaoangukiwa zaidi na uhalifu: vijana, wanawake, wazee, wageni. Miaka ya 1950 wakili mzaliwa wa Romania, Benjamin Mendelsohn, akawapanga waathiriwa kwa kiasi cha lawama. Juu kabisa asiye na hatia hata chembe, kama mtoto. Chini kabisa aliyeanza ugomvi mwenyewe kisha akaumia. Wasomi waliwapinga baadaye, lakini huku ng'ambo habari hazijafika. Mpaka leo twapima kwa mizani ya Mendelsohn pale barazani, kila mtu hakimu.

Hebu ilete mizani hiyo Kisauni. Vijana wa panga, Wakali Kwanza, Wakali Wao na wenzao (majina mwayajua), wakiamua kupita mtaa hukata waliye naye mbele. Muuza viazi karai. Aliyetumwa unga dukani. Wa M-Pesa anayefunga kibanda. Utawapa lawama gani hawa?

Mimi naona heri hesabu ya Wamarekani wawili, Lawrence Cohen na Marcus Felson, ya mwaka 1979. Kwao, uhalifu hutokea vitu vitatu vikikutana: mwenye nia mbaya, mtu au mali ya kushambuliwa, na kukosekana kwa wa kuzuia. Sasa iangalie Likoni alfajiri. Mtu wa kibarua ameamka saa kumi, atoka Timbwani au Shika Adabu kuwahi feri. Njia ni giza, maduka yamefungwa, na kila siku apita pale pale, saa ile ile. Anayemvizia aijua ratiba yake kuliko mkewe. Changamwe nako, shifti ya usiku ikitoka kuelekea Chaani na Magongo, ni yayo kwa yayo. Alikuwa afanya nini saa hiyo? Alikuwa aenda kazini, bwana. Uliza taa ya barabarani imezimika tangu lini, hilo ndilo swali lenye faida.

Wako wanaolengwa kwa asili yao tu. Agosti 13, 1997, wavamizi walishambulia kituo cha polisi cha Likoni, wakapora bunduki, kisha wakawageukia majirani waliotoka bara. Zaidi ya watu 100 waliuawa katika ghasia zile na maelfu wakahama. Hapo kulala mapema kungemsaidia nani?

Waliowekewa mchele kwenye kinywaji nawapitia haraka, maana wenyewe hawataki kutajwa. Wanaona haya kwenda kuripoti, na mwizi anaitegemea haya hiyo hiyo.

Halafu kuna huyu ambaye mtanitukana kwa ajili yake. Kijana wa miaka 16 aliyebeba panga juzi, leo kashikwa na umati, kapigwa mpaka kafa. Wewe mwenye kovu utasema afadhali, nami sina ubavu wa kukukataza. Lakini kumuua ni jinai, na umati haukagui kitambulisho. Mara nyingine anayeshikwa siye.

Sheria ya Ulinzi wa Waathiriwa ya 2014 haina habari na barazani kwetu. Kwayo, mwathiriwa ni mtu aliyeumia au kupata hasara kwa sababu ya kosa la jinai. Haisemi alikuwa ametoka disko au msikitini.

Kwa hivyo yakikukuta, nenda kituoni ripoti iandikwe kwenye OB, chukua fomu ya P3, daktari aijaze. Ikiwa ni ubakaji, anza na hospitali kabla ya saa 72 kupita, usioge, usifue nguo. Namba 1195 hupigwa bure. Na afisa wa kaunta akikuuliza ulikuwa wafanya nini huko, mjibu, upelelezi wahitaji hilo. Kisha simama hapo hapo mpaka akupe namba yako ya OB.