Je, Wajua? Viboko wa Katuma wana ndugu baharini
Viboko wanaosongamana kiangazi kwenye madimbwi ya Mto Katuma, Hifadhi ya Taifa ya Katavi, wana undugu wa karibu zaidi na jongoo bahari na kiti cha pweza kuliko na mbung'o wa porini humo. Ushahidi umo kwenye kiinitete. Kwa kodata, kundi la kiboko na la binadamu, na kwa ekinodemata, kundi la jongoo bahari na kiti cha pweza, tundu linaloanza huwa njia ya haja; mdomo hutoboka baadaye. Cha kushangaza zaidi: Ziwa Tanganyika lina yavuyavu wake, lakini ekinodemata hakuna. Kundi zima huishi baharini, kwa kuwa halina viungo vya kudhibiti chumvi mwilini, na vijiguu vyao husukumwa na maji yanayokaribiana na ya bahari.